Kutafuta kipimio cha baruti: shajara ya meza ya kujazia risasi

Siku ya 1

Shajara hii imeanza kwa hasira ndogo. Jana nilikusudia kujaza maganda 50 ya bastola kwa kijiko na mizani, na kazi ya baruti peke yake ilikula karibu saa mbili. Chota, mimina kwenye kisahani cha mizani, subiri boriti itulie, ongeza punje tatu kwa kidondoshi (kibomba cha kudondosha punje chache chache), subiri tena, lo, imezidi, punguza kwa ncha ya kisu, subiri. Nilipofika ganda la 40 nikajigundua nasoma mizani kwa matumaini badala ya macho. Nikafunika kila kitu, nikaenda kulala.

Kwa hiyo nahitaji kipimio. Kwa asiyewahi kukiona: juu kuna tangi la baruti, katikati kuna silinda ya chuma inayozunguka ndani ya kiunzi, na silinda hiyo ina tundu. Mpini ukipanda, tundu linatazama juu na baruti inaingia. Mpini ukishuka, ukingo wa kiunzi unafuta iliyozidi, tundu linageukia chini, na dozi inateremka kwenye mrija hadi ndani ya ganda. Ni kibaba cha mfuto, hakuna zaidi. Kasheshe ni kwamba vitabu vya dozi vinaandika uzito ilhali kibaba kinapima nafasi. Baruti ikilala kwa kushikamana, nafasi ileile inabeba uzito mkubwa zaidi. Ikilala kwa kulegea, inabeba mdogo. Mradi wote huu, naona, utakuwa ni kushughulika na hilo.

Uzito wenyewe tunautaja kwa greini. Greini moja ni takriban miligramu 64.8, na greini 7000 ni ratili moja. Nimewahi kuulizwa na mgeni kama tunakaa tukihesabu punje. Hapana, ingawa jana ilikaribia.

Baruti zangu ni za aina tatu: baruti ya magamba na baruti ya mviringo, zote za bastola, na baruti ya vijiti ya bunduki ya shabaha. Dozi za bastola zinachezea greini tano, za bunduki arobaini na kitu. Dozi kamili ya kila risasi naitoa kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti na sitaiandika hapa. Zinazofuata ni namba za kupimia kifaa tu. Kibali cha kujaza ninacho.

Siku ya 3

Nimesoma na kuulizia. Vifaa ni vingi kuliko nilivyodhani, lakini koo zake ni chache.

Kijiko ndiko ninakotoka. Seti ya kampuni ya Lee ina vijiko 15, kuanzia cc (sentimita za ujazo) 0.3 hadi cc 4.3. Havina cha kuharibika, na anayechota kwa namna ileile kila mara anapata matokeo ya heshima. Ila dozi yako ikiangukia kati ya kijiko na kijiko, umekwama.

Kisha kuna vya tundu lisilobadilika, mfano Little Dandy wa RCBS: unanunua rota, yaani silinda yenye tundu lake, kwa ukubwa wa dozi unayotaka. Navipenda kwa sababu moja: hakuna skrubu ya kulegea, kwa hiyo mipangilio haiwezi kuhama wakati unapiga chafya. Lakini kila dozi mpya ni rota mpya.

Halafu vya silinda yenye tundu la kurekebishwa, ambavyo ndivyo vimejaa kwenye meza za watu. Lyman 55 ana vitelezi vitatu vya kukuza na kupunguza tundu, cha dozi ndogo hadi kubwa. Wengine wanatumia skrubu ya maikromita, yenye namba za kusomea. Kuna pia vinavyokaa juu ya presi (mashine ya mpini ya kubania maganda) na kusukumwa na ganda lenyewe: ganda lisipokuwepo, baruti haishuki. Kwa presi inayozunguka, inayofanya hatua kadhaa kwa mpigo mmoja, hilo ni jambo la maana sana. Kwa presi yangu ya hatua moja, halinisaidii kitu.

Mwisho vya umeme, vyenye mizani ndani. Unaandika uzito, mota inazungusha bomba, baruti inadondoka kwa wingi kisha punje kwa punje mpaka ifike. Vinavutia. Vinapima uzito moja kwa moja, na ule ugomvi wa nafasi na uzito vinaukwepa. Ila kwa maganda 200 ya bastola, kukisubiri kifaa kihesabu kila dozi ni kurudi kulekule nilikotoka, safari hii nikiwa na waya ukutani.

Siku ya 6

Kwenye uwanja wa shabaha kuna mzee ambaye amejaza risasi tangu mimi sijui kushika kalamu. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Hakunijibu kitu; alifungua buti la gari akatoa sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na kipimio cha silinda, rangi imebanduka kote mpini unaposhikwa.

"Chukua, kijana wangu. Kaa nacho wiki mbili tatu. Usinunue kitu ambacho mkono wako haujakijua."

"Na daftari lake, mzee? La mipangilio?"

"Daftari linabaki na mimi. Utaandika lako."

Nimekifungua chote mezani. Kina silinda mbili, kubwa na ndogo, na tangi la plastiki angavu. Ndani ya tangi, karibu na shingo, kuna kibati kilichokunjwa chenye matundu mawili pembeni. Nilidhani ni takataka iliyoangukia humo miaka mingi iliyopita. Kumbe ndicho kizuizi, na bila hicho uzito wote wa baruti iliyo juu ungeisukuma iliyo kwenye tundu: tangi likijaa dozi zinakuwa nzito, likipungua zinakuwa nyepesi. Kizuizi kinaubeba mzigo huo, tundu likaendelea kujazwa kutoka kwenye rundo dogo lisilobadilika sana.

Silinda ilikuwa na utando wa mafuta. Mafuta na baruti havipatani, yanazifanya punje zigande na yanaweza kuiharibu. Nimefuta kila sehemu, nikakausha, nikasugua silinda na ndani ya kiunzi kwa unga wa grafiti mpaka mpini ukawa unateleza kama uko kwenye maji. Grafiti inapunguza pia umeme tuli, ule unaofanya punje zing'ang'anie ukuta wa tangi kama sisimizi. Nimejisikia fundi.

Siku ya 7

Leo kupanga. Namba kwenye maikromita si uzito, ni anwani. Inakuambia skrubu iko wapi, basi. Anwani ileile kwa baruti nyingine ni uzito mwingine kabisa, na hata baruti ileile kutoka kopo la toleo jingine inaweza kuhama kidogo. Kwa hiyo mizani haiondoki mezani hata kifaa kiwe kizuri namna gani.

Kabla ya yote niliipima mizani yenyewe kwa mawe yake. Kisha nikajaza tangi hadi theluthi mbili, nikadondosha dozi kumi na kuzirudisha tangini bila kuzitazama, maana baruti inahitaji kutulia. Baada ya hapo dozi kumi kwenye kisahani kimoja: greini 51.4, yaani wastani wa 5.14. Mizani yangu inasoma hadi 0.1, lakini kwa kupima kumi pamoja naona hadi sehemu ya mia. Nikakaza skrubu kidogo, nikarudia: 50.1. Inatosha.

Skrubu ina uchezi. Nikiifikia 38 nikitokea 45 napata uzito mmoja. Nikiifikia 38 nikitokea 30 napata mwingine, kidogo tu lakini upo. Nimejiwekea sharti la kuifikia kila anwani nikitokea upande mmoja, wa namba kubwa.

Siku ya 9

Wastani wa kumi ni mwongo mpole: dozi moja nzito na moja nyepesi zinafutana na wewe unatabasamu. Leo nimepima dozi 30 moja moja kwa kila baruti. Ilikuwa kazi ya asubuhi nzima, ila sasa ninacho kitu cha kushika.

Ya mviringo, silinda ndogo, lengo 5.0. Nyepesi kabisa 4.9, nzito kabisa 5.1, na 22 kati ya 30 zimegonga 5.0 barabara. Inatiririka kama mchanga mkavu. Hapa hakuna la kusema.

Ya magamba nilianza na silinda kubwa kwa uvivu, kwa kuwa ndiyo ilikuwa imefungwa. 4.6 hadi 5.3. Nikabadili silinda ndogo: 4.8 hadi 5.2. Baruti ileile, mkono uleule, meza ileile. Sababu inaonekana ukiweka silinda mbili pamoja. Kwenye kubwa, dozi ya greini tano inakaa kama uji kwenye sinia, pana na kina kifupi, na ukingo unafuta uso mpana. Kwenye ndogo inakaa kama maji kwenye glasi nyembamba. Kosa lote la kibaba cha mfuto liko pale juu panapofutwa. Uso ukiwa mdogo, kosa linakuwa dogo. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wana kipimio mahususi cha bastola chenye tundu jembamba; Redding, kwa mfano, na 10X wake.

Ya vijiti, silinda kubwa, lengo 42.0. Hapa ndipo niliposikia kile walichoniambia nitakisikia: krk. Mpini unashuka, unasita, halafu unapita kwa sauti ya mtu anayetafuna karanga. Kijiti kimebanwa kati ya silinda na ukingo, kimekatika. Dozi zilienda kuanzia 41.6 hadi 42.5. Mpini ukigoma kabisa sisukumi. Naurudisha juu taratibu, kijiti kinajipanga upya, kisha dozi hiyo nairudisha tangini bila kuihesabu. Lee wametatua hili kwa njia nyingine kwenye Perfect Powder Measure yao: ukingo wa kufuta ni wa mpira laini unaokubali kupinda, kijiti kinapita bila kukatwa.

Nilikuwa tayari kuandika kwamba vijiti ni balaa. Kisha nikapiga hesabu. Pengo la 0.9 kwenye 42 ni kama asilimia 2. Pengo la 0.2 kwenye 5, ile baruti ya mviringo niliyoisifu, ni asilimia 4. Sasa sijui nimkasirikie nani. Wapo walenga shabaha wa benchi, wanaopiga bunduki ikiwa imeegemezwa mezani, watu wanaogombania milimita, ambao kwa miaka mingi wamedondosha dozi zao uwanjani kwa kipimio bila kupima uzito wa kila moja, na hesabu hii inanisaidia kuelewa kwa nini wanaweza.

Siku ya 10

Mkono.

Nilikuwa katikati ya dozi za mviringo, mwendo umekaa vizuri: juu, hesabu moja, chini, hesabu moja. Mwanangu akaingia kuuliza jambo la shule. Nilimjibu huku naendelea, mpini ukikawia pale juu kuliko kawaida kwa kuwa akili ilikuwa kwake. Dozi tatu zilizofuata: 5.1, 5.2, 5.2. Zilikuwa zimepata muda wa kujipanga ndani ya tundu. Nikarudi kwenye mwendo wangu, 5.0, 5.0.

Nikajaribu kwa makusudi. Kupandisha kwa kishindo: nzito. Kupandisha kama ninayenyata: nyepesi, maana tundu halijai vizuri, na nikikawia pale juu linajaa kupita kiasi. Kugonga mara moja juu na mara moja chini, mdundo mmoja usiobadilika, ndiko kulikonipa vipimo vinavyofanana zaidi. Lyman 55 ana kigongeo kidogo kinachoning'inia mbele kwa kazi hiyohiyo, kugonga ili punje zishuke zote.

Kwa maneno mengine, nusu ya kifaa hiki ni mimi. Mlango sasa unafungwa ninapodondosha baruti.

Siku ya 11

Fupi. Kipimio kilikuwa kimefungwa kwenye meza ileile yenye presi. Nilijaza tangi, kisha nikakumbuka maganda 20 ambayo sijayanyoosha, nikayanyoosha kwanza. Kila nguvu ya presi ilitikisa meza, na meza ikatikisa tangi. Niliporudi, dozi tano za mwanzo zilikuwa nzito zote. Nimehamishia kipimio kwenye kigingi chake peke yake, mbali na presi.

Siku ya 14

Hii naiandika taratibu.

Maganda 50 ya bastola kwenye kibao cha matundu, fataki (viwashio vya kitakoni) zimeshaingia, baruti ya magamba. Nadondosha safu kwa safu. Mwendo mzuri, mlango umefungwa. Nilipomaliza nikachukua tochi, kama ninavyofanya kila mara, nikapitisha mwanga juu ya safu nikitazama kina cha baruti ndani ya kila ganda. La 16 sawa. La 17, chini. La 18, juu.

Tofauti haikuwa ya kuruka machoni. Ganda la bastola lina nafasi tele. Greini tano zinakaa chini kabisa, na hata dozi mbili nzima zinaingia bila kumwagika. Bila tochi nisingeona kitu, na kwa haraka ya wiki mbili zilizopita labda hata kwa tochi ningepita.

Nilimwaga la 17 kwenye kisahani: greini 2.7. La 18: 7.4. Nilikaa nikizitazama hizo namba mpaka nilipozijumlisha. 10.1. Dozi mbili kamili, zimegawanywa vibaya. Silinda haikukosea hata kidogo. Magamba yalifanya daraja ndani ya mrija. Nusu ya dozi ya 17 ikabaki imening'inia pale, ikaangukia ganda lililofuata.

Mbona mrija? Nikaukagua. Ulikuwa mrija mwembamba, ule wa maganda ya shingo ndogo ya bunduki, niliouweka siku ya 9 kujaribu na kuusahau.

Sasa fikiria hizo mbili zikiwa risasi, jirani sanduku moja. Ile ya 2.7 inaweza kusukuma kichwa cha risasi kikaingia kwenye mtutu na kubaki humo. Mlio hafifu, mtu akadhani ni mbovu tu, akaendelea. Inayofuata ni ile ya 7.4, na mtutu umezibwa. Sihitaji kumalizia.

Nilimwaga maganda yote 50, nikaanza upya kwa mrija mpana. Kigezo changu cha kwanza cha ununuzi kimepatikana leo, na hakihusu usahihi: mrija uwe angavu, nione kama kuna kitu kimebaki.

Siku ya 15

Aibu ndogo baada ya hofu kubwa. Jana kwa kuchanganyikiwa niliacha baruti ndani ya tangi usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na baruti ya magamba humo, na mezani kulikuwa na makopo mawili ya magamba. Nilikuwa na uhakika ilitoka kopo gani? Asilimia tisini. Asilimia tisini haitoshi kuirudisha koponi, kwa sababu ukichanganya kopo zima hakuna mtu duniani atakayekuambia dozi yake. Nimeitupa: nimeitawanya nyembamba kwenye udongo wazi, mbali na nyumba.

Tena plastiki ya tangi ina ukungu wa kahawia pale baruti ilipolala. Baruti yenye nitrogliserini ndani yake inaila plastiki ya aina nyingi ikiachwa ikae. Nimesugua, hautoki. Na tangi si langu.

Kuanzia leo kopo moja tu linakaa mezani, na kifuniko chake kinawekwa juu ya tangi mpaka baruti irudi ilikotoka. Asiye na kifuniko cha kuweka aandike karatasi.

Siku ya 18

Nimempelekea mzee habari ya doa kabla hajaliona mwenyewe. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Hilo doa lina wenzake upande wa nyuma, hukuwaona? Mimi nilililia la kwanza tu."

Nikamwuliza kuhusu baruti nyeusi, kwa kuwa rafiki yangu ana bunduki ya zamani na ameshaanza kuniulizia kipimio. Hapo hakucheka. Alisema kifaa hiki kisiguse baruti nyeusi hata kwa majaribio. Ile inawaka kwa cheche ndogo sana, na vipimio vyake vinatengenezwa peke yake, kwa vifaa visivyokusanya umeme tuli wala kutoa cheche. Nimemjibu rafiki yangu hivyohivyo.

Siku ya 20

Nimenunua.

Kifaa cha umeme kilinijaribu mpaka dakika ya mwisho. Kwa mtu anayejaza risasi 20 za bunduki za masafa marefu na kutaka kila moja ifanane na mwenzake, ningemwambia achukue hicho bila kusita, mradi akiwashe mapema kipate joto, akiepushe na upepo wa feni na akipime kwa mawe yake. Mimi robo tatu ya risasi zangu ni za bastola. Nimechukua cha silinda, chuma kitupu, chenye kizuizi tangini, silinda ndogo na kubwa, mrija angavu na skrubu yenye kifungio. Kifungio hicho ni nati tu ya kuzuia maikromita isihame kwa mtikisiko. Nimeona vipimio vya kupendeza visivyo nacho nikavirudisha rafuni.

Baruti ya vijiti nimeamua hivi: kipimio kinadondosha 41.5, isizidi lengo hata kikidondosha dozi yake nzito, kisha kidondoshi kinamalizia juu ya mizani. Nimejaribu na maganda 20. Dakika 25, na sikukaza shingo. Bastola, baruti ya mviringo, maganda 50: dakika 12 pamoja na kupima kila dozi ya kumi na kupitisha tochi. Magamba yakiisha sinunui mengine.

Kifaa kipya bado ni kigumu. Nimepitisha tangi zima la baruti ya mviringo mara mbili, kudondosha na kurudisha, ili silinda na kiunzi vizoeane. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu unasema: mviringo, toleo la kopo, silinda ndogo, anwani 41 ukitokea juu, mrija mpana, tangi lisishuke chini ya theluthi moja.

Siku ya 23

Nimemrudishia mzee chake, kimesafishwa, kwenye sanduku lake la mbao. Alikifunga mezani kwake palepale, akajaza baruti, akafungua daftari lake la jalada lililochanika, akafuata anwani yake ya miaka na miaka. Akadondosha kumi, akapima. Akanyanyua miwani, akapima tena.

"Hii ilikuwa 5.0. Sasa ni 5.2. Umekipaka nini?"

"Grafiti, mzee. Kilikuwa na mafuta, nikafuta, halafu…"

"Kwa hiyo sasa kinajaa vizuri kuliko nilivyokizoea."

"Ndiyo, mzee. Samahani."

Alinitazama kwa muda, akavuta kiti cha pili, akanisogezea mizani. Daftari lake lina kurasa 31. Leo tumefika ya tatu.